Samaki wa Kolmipur

Juzi mke wangu alikuwa akifukiza nguo za Ijumaa. Chetezo kiko chini, tenga la nguo juu yake, moshi wa udi unapanda polepole kama hauna haraka na mtu. Mimi nikaingia kutoka dukani na sufuria ya maziwa niliyotaka aonje, maziwa yaliyochemka mpaka yakawa mazito na kuingia rangi, ndani yake sukari iliyounguzwa. Harufu zile mbili zilipokutana mlangoni, nikasimama.

"Baba Mwajuma, ingia au toka," mke wangu akasema. "Baridi yote ya kiyoyozi inakwenda nje."

Sikuingia wala sikutoka. Nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye kabati la nguo la marehemu mama yangu, katika chumba chetu cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nyuma ya jengo ambalo siku hizi halipo tena.

Niseme mapema kwamba mimi sina elimu, nisije nikasomwa kama mtu wa vitabu. Lakini leo ukila mtindi mtamu kwenye kikombe cha udongo hapa Doha, inawezekana sana umetoka mkononi mwangu. Na kama haukutoka kwangu, basi pole, umekula mtindi wa kawaida tu. Nenda Tanga uulize. Nilianza na baiskeli na ndoo, sasa nina watu wanaoniita bosi kwa lugha ambazo wengine hawajawahi kuzisikia. Hayo yote nimeyapata kwa mkono wangu huu. Ila mkono wenyewe ulifunzwa, na mji ulioufunza ndio ninaotaka kuwaambia wenzangu wa rika langu, hasa ninyi mliokulia huku Ghuba enzi zile za kadi za simu za kukwangua.

Mji huo unaitwa Kolmipur. Uko Bengali, ni mdogo, na mto unaupasua katikati. Upande mmoja ni Sokoni: maduka, msikiti wenye bwawa lake la kutawadhia, jumba la sinema la mabati ambalo mvua ikinyesha hamsikii wanachosema waigizaji. Upande wa pili ni Ng'ambo: mashamba, shule, na nyumba zilizoinuliwa juu ya udongo ili maji yasiingie. Kutoka huku kwenda kule kuna mashua inayovutwa kwa kamba. Siku ya gulio watu wa Ng'ambo wanavuka na kuku, na vitunguu, na magunia, na kila mwenye rikisha, baiskeli ya kubebea abiria, upande wa Sokoni amepaka ya kwake maua na tausi na ndege za angani. Mafuriko yakija watu wanainua vitanda kwa matofali na maisha yanaendelea, mwenye kupika anapika juu ya kitanda.

Nayajua haya yote na sijawahi kufika. Wakati huo, nikiwa mtoto, niliamini kwamba naishi huko.

Baba alikuwa dereva wa nyumba ya Mwarabu mmoja, mama mpishi wa nyumba hiyohiyo. Bwana wao alikuwa mtu mwema, akawaruhusu wanilete kutoka Tanga, akatupa chumba na jiko katika nyumba kuukuu. Shule ndiyo ilikosekana. Zile zilizokuwapo zilitaka karatasi ambazo hatukuwa nazo na ada ambayo baba hakuiweza. Basi nikawa nashinda nyumbani. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na kiwanja cha mchanga, siku za kazi kimejaa magari. Ijumaa magari yaliondoka, na baada ya sala mabasi ya kampuni yalianza kushusha watu kutoka Sanaiya, kule viwandani. Watu wa Nepal walikuwa na kona yao karibu na benki. Wa Kerala walikuwa na yao. Kiwanja chetu kilikuwa cha Wabengali, tena si Wabengali wote, ni wa Kolmipur tu. Wakishuka kwenye basi waliulizana, "Unakwenda wapi?" na jibu lilikuwa, "Kolmipur." Wanakuja moja kwa moja nyuma ya jiko letu. Mimi ningeelewa nini zaidi?

Walikuwa na utaratibu wao. Wa Sokoni walikaa ukutani, wa Ng'ambo kwenye kisanduku kikubwa cha umeme, na katikati waliacha njia tupu ya mchanga. Mtu akitaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, akifika pale katikati alikunja msuli wake, nguo ile ya kujifunga kiunoni, hadi magotini, akapita, akaushusha tena. Wazee kwa vijana walifanya hivyo, bila kucheka. Wenye suruali walishika kitambaa pajani wakakivuta juu kidogo. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni mambo ya dini, kwa hiyo na mimi nikawa nakunja kanzu yangu. Kwa kuwa pale katikati hapakuwa na mtu, ndipo nilipopapenda. Nilichukua kipande cha boksi nikakitandika, nikawa nakaa hapo kila Ijumaa, huku na huku nikiwasikiliza. Wakaniita Samaki kwa lugha yao. Nilidhani ni kwa sababu mama alikuwa akikaanga samaki Ijumaa na harufu inawafikia.

Tuliongea lugha ya Doha, Kihindi cha mitaani kilichochovywa kwenye Kiarabu, na mtoto huiokota upesi kuliko mafua. Wakisema, "Jana mjini imenyesha sana," nilitazama mchanga mkavu nikajiambia mchanga wa hapa unakunywa haraka. Kuna msimu walisema maji yamejaa, na Ijumaa ile wote walisogea nyuma, wa Sokoni wamebanana ukutani, wa Ng'ambo wamekaa mpaka juu ya kisanduku cha umeme, katikati pakawa papana kabisa. Nikafikiri wanakimbia jua. Mimi nikabaki na boksi langu palepale, nimejiachia, nafasi tele.

Wawili niliwajua kuliko wengine. Mizan bhai alikuwa fundi cherehani, wa Sokoni, mwenye masharubu na sauti ya kuuza. Bhai kwao ni kaka. Yeye ndiye aliyeongoza baraza. Watu wakigombana, iwe kitanda cha kambini au ng'ombe aliyeingia shamba la mtu kule kwao, kesi ilikuja kiwanjani Ijumaa, wazee wanakaa, kila mtu anasema, Mizan bhai anakata. Sattar chacha alikuwa wa Ng'ambo. Chacha kwao ni baba mdogo. Kazi yake ilikuwa kupika chai kwenye kafeteria ya kona, lakini kwao alikuwa mtengeneza mtindi mtamu, na Alhamisi mchana akimaliza zamu alikuja kuutengeneza kwenye jiko letu, kwa sababu kambini hawakuruhusiwa kupika. Mama alimkubalia kwa sharti kwamba asiunguze sufuria. Aliunguza.

Basi siku moja baba akasema nitarudishwa Tanga kwa shangazi, nikasome.

Nililia, nikagoma kula, haikusaidia. Ijumaa ikafika, na mimi nilikuwa nimeona namna watu wanavyotendewa haki. Baraza lilipomaliza kesi za siku hiyo, nikasimama kwenye boksi langu nikasema nina kesi.

"Mshitaki nani?" Mizan bhai akauliza.

"Mimi."

"Na mshitakiwa?"

"Baba."

Kiwanja kizima kikapiga kelele. Kijana mmoja akakimbia kumwita baba, aliyekuwa akiosha gari la bwana wake. Akaja na kitambaa mkononi, maji yanamtiririka kwenye viwiko, akakalishwa mbele ya wazee kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Dereva bhai," Mizan bhai akamwambia, "mwanao anakushitaki. Samaki, sema kosa lake."

"Anataka kunihamisha mjini."

"Mji upi?"

"Huu. Kolmipur."

Baba akafungua mdomo, Mizan bhai akamzuia kwa kidole. "Mtu wa Kolmipur lazima awe na upande. Wewe unakaa wapi? Sokoni au Ng'ambo?"

"Hapa," nikasema, nikaonyesha boksi langu.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu wazima walishikana mabega. "Mtoni!" mmoja akapiga ukelele. "Mtoto wa watu kakaa mtoni mwaka mzima!"

"Mafuriko yamekuja, yamepita, yeye yupo tu!"

"Ndiyo maana nikawaambia huyu samaki, mkasema nafanya utani!"

Nilipoelewa, niliutazama ule mchanga, na misuli yote iliyokunjwa, na watu waliobanana ukutani. Sattar chacha akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikunja msuli kwanza.

"Samaki, Kolmipur haiko hapa. Ukitoka hapa unapanda ndege, halafu basi, halafu mashua ya kamba."

"Na hapa ni wapi?"

Akatazama chini. "Hapa watu wanaegesha magari."

Ndipo nikalia kilio chenyewe, maana baba alikuwa ananiondoa mjini, na huyu kanionyesha kwamba mji hata haupo. Lakini Mizan bhai alikasirika.

"Sattar, usimdanganye mtoto! Mimi nimekosana na shemeji yangu pale ukutani, nikapatana naye palepale. Binti yangu amechumbiwa hapa, watu wa mume wamekaa kule kwenye umeme, mimi huku, na peremende zimevuka mto. Kama hapa siyo Kolmipur, mimi nimeishi wapi miaka yote hii? Kaa chini. Kesi inaendelea."

Tangu hapo haikuwa mchezo tena. Baba akaulizwa, akajibu kwa heshima, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Wazee, mwanangu anakua kama paka wa mtaani. Hana shule. Kwetu kuna shule na dada yangu. Nifanyeje?"

"Mwulizeni na mama yake," sauti ikatoka mlangoni mwa jiko. Mama alikuwa amesimama na kanga yake kichwani, mwiko mkononi. Wazee wakageuka. "Nataka asome. Tena nataka alale karibu yangu. Mkiweza kunipa vyote viwili, nitawapikia pilau kila Ijumaa mpaka mchoke."

Wazee wakainamiana muda mrefu. Hawakuweza kumpa vyote viwili, hakuna baraza lingeweza. Mwishowe Mizan bhai akakata hivi: baba ana haki, mtoto atakwenda. Lakini mtu wa Kolmipur haondoki mjini mikono mitupu. Samaki atafundishwa mtindi na Sattar. Siku atakayotengeneza mtindi ukaliwa na pande zote mbili bila mtu hata mmoja kulalamika, siku hiyo baba yake anaruhusiwa kumtafutia tiketi.

"Nimekubali," baba akasema huku akicheka. Alidhani ni mambo ya wiki chache. Alikuwa hajawaona watu wa Kolmipur wakila mtindi.

Sokoni wanataka mtindi mwekundu, sukari iungue mpaka ikaribie uchungu, kwa sababu wao ni watu wa maduka na wanataka kitu chenye rangi. Ng'ambo wanataka mweupe, mzito, kijiko kisimame, kwa sababu wao ndio wenye ng'ombe na hawaoni kwa nini maziwa yafichwe. Wamebishana hivyo tangu babu zao. Sattar chacha mwenyewe alikuwa akitengeneza wa aina mbili, na bado wa huku walikuwa wakichungulia wa kule na kusonya.

Akanifundisha. Maziwa yachemke taratibu, uyakoroge bila kuchoka, mpaka yapungue na yaanze kunukia kama biskuti. Sukari peke yake kwenye kikaango, uitazame kama unavyomtazama mwizi, maana inageuka ukipepesa macho. Uchanganye, uache yapoe mpaka kidole kikae ndani bila kulalamika. Uweke mbegu, yaani kijiko cha mtindi wa wiki iliyopita. Umimine kwenye vikombe vya udongo ambavyo watu waliorudi likizo walivileta wamevizungushia mashati. Halafu uvifunike viwe na joto, na visiguswe kabisa.

Hapo kwenye joto ndipo Doha ilipotushinda. Chumbani kiyoyozi kilinguruma masaa yote, baba hawezi kulala bila hicho, na mtindi ukabaki maji. Tukaweka juu ya paa, ukachachuka mpaka unatoa machozi. Tukafunga blanketi jikoni, nusu ukaganda nusu ukakataa. Kila Ijumaa walilalamika, na mimi kila Ijumaa nilifurahi. Naharibu, nabaki. Ningeweza kuharibu mpaka niote ndevu.

Kisha mzee mmoja wa Ng'ambo akarudisha kikombe na kusema, bila ubaya wowote, "Sattar, usijichoshe. Mtoto huyu hana mkono."

Wallahi, neno lile lilinichoma kuliko jua la Agosti. Mimi? Mimi sina mkono? Mpaka leo mtu akiniambia hili huliwezi, nimemaliza kabla hajafunga mdomo. Ndivyo nilivyoumbwa na ndivyo nilivyofika hapa. Alhamisi iliyofuata niliunguza sukari mwenyewe, si nyekundu ya Sokoni wala nyeupe ya Ng'ambo, rangi ya chai ya maziwa. Sattar chacha alipokwenda zake, nikazunguka chumbani nikitafuta mahali penye vuguvugu pasipofikiwa na kiyoyozi. Nikafungua kabati la mama. Alikuwa ametoka kufukiza magauni yake ya Ijumaa, bado yana joto la moshi, yamejaa, yamekunjwa. Nikapanga vikombe katikati ya magauni, nikafunika kwa mtandio wake, nikafunga mlango kwa upole.

Asubuhi nilisikia jina langu.

"Shabani! Nani kaniwekea maziwa kwenye magauni?"

"Usitikise, mama! Ukitikisa yanakatika!"

Nikamkuta ameshika mlango wa kabati. Akainama akanusa. Akachukua kikombe kimoja, akakiinamisha kidogo, hakikumwagika kitu.

"Yameganda," akasema. "Yameganda vizuri."

Alijua hukumu ilivyokuwa. Sote wawili tulijua. Angeweza kuugonga ule mlango kwa nguvu, mtindi ukakatika na mimi nikabaki, na hakuna ambaye angemlaumu. Mimi ningeweza kuangusha sinia zima njiani. Mama akavitoa vikombe kimoja kimoja, kwa mikono miwili, kama anatoa watoto kwenye maji ya kuogea, akavipanga kwenye sinia na kuniwekea kichwani. "Tembea pole," akasema. Basi nikatembea pole.

Wakala. Kwa mara ya kwanza kiwanjani nilisikia vijiko tu. Udongo ulikuwa umevuta udi usiku kucha na kuupa mtindi harufu yake, kwa mbali sana, kama mtu aliyevaa vizuri aliyepita chumba cha pili. Mizan bhai alimaliza kijiko, akafuta kikombe kwa kidole.

"Huu siyo wa kwetu Sokoni," akasema.

"Wala wa kwetu," mzee yule wa Ng'ambo akajibu, naye anafuta chake. Ndiye aliyesema sina mkono. Akanyoosha kikombe kitupu. "Umebaki?"

"Sasa ni wa wapi?"

Sattar chacha akanitazama. "Ni wa mtoni," akasema.

Hakuna aliyelalamika. Mizan bhai akangoja, akazungusha macho kiwanja kizima, akangoja tena, mimi naona kabisa anamtafuta hata mtu mmoja wa kumwokoa. Hakumpata. Akamgeukia baba. "Bhai, tafuta tiketi."

Safari hii baba hakucheka. Aliondoka bila kumaliza kikombe chake, akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Ijumaa niliyoondoka, gari lilisimama upande wa barabara, na ilibidi nikipite kiwanja chote kwa urefu. Wa Sokoni walisimama ukutani, wa Ng'ambo kwenye umeme, na hakuna aliyevuka. Waliniachia njia. Nikaondoka mjini kwa kuufuata mto, kanzu nimeikunja magotini, mkononi nimeshika chupa ya mbegu ya mtindi aliyonifungia Sattar chacha, na mama nyuma yangu amebeba begi, naye, ninamwona mpaka sasa, ameinua gauni kidogo.

Shule ya Tanga nilihudhuria, kusoma sikusoma. Lakini Tanga ina maziwa, na mimi nilikuwa na mbegu. Mengine mnayajua au mtayasikia kwa watu. Nilipokuwa mtu mzima nikarudi Doha na hati za biashara, si za kazi za ndani, nikakuta kile kiwanja kimeota ghorofa. Vioo juu mpaka chini. Nikauliza sehemu ya duka chini, mwenye jengo akanionyesha ya kona, kubwa, yenye mwanga. Nikaikataa. Nikachukua nyembamba ya katikati, akaniona mjinga. Watu wamenishauri nihamie kwenye maduka makubwa ya kifahari. Nina uwezo huo. Sihami.

Sattar chacha alirudi kwao zamani. Nasikia yuko mzima, na kila mtu anayekwenda likizo yeye humwagiza udi.

Nilipomaliza kumweleza mke wangu haya, chetezo kilikuwa kimepoa. Nikarudi dukani. Alasiri akaingia mtu mzima wa Kibengali, mvi kichwani, sare ya ulinzi, sikuwahi kumwona. Pale kwenye kizingiti akashika suruali mapajani kwa mikono miwili, akaivuta juu kidogo, akapita, akaiachia. Sidhani kama alijua amefanya hivyo. Akaja kaunta akaomba kikombe kimoja.

"Sokoni au Ng'ambo?" nikamwuliza.

Akashtuka, akanitazama huyu Mswahili juu mpaka chini. "Ng'ambo," akasema taratibu. "Na wewe je? Wewe wa upande gani?"

Nikamsogezea kikombe.

"Mimi ni samaki."